Hatuna Uwezo wa Harusi

Mwezi wa Februari, baada ya sala ya jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki ya Jumamosi alfajiri, mwenyekiti wetu aliniomba nibaki kidogo ili tuzungumze na familia moja ambayo imesali nasi kwa zaidi ya miaka 9. Baba ni fundi wa kupaua, mama anauza uji na vitumbua karibu na kituo cha daladala, na watoto wao watatu wote wamebatizwa. Wazazi wenyewe hawajafunga ndoa. Paroko alikuwa ameagiza kila jumuiya ipeleke majina ya wanaoishi katika uchumba sugu, yaani kama mume na mke bila kufunga ndoa, si kwa lengo la kuwaaibisha bali ili waalikwe kwenye mafundisho, nasi tuliona ni heri tuwaendee kwa mdomo kabla ya kuwaandika kwenye karatasi. Mwenyekiti alipouliza kwa upole ni kitu gani kinachowazuia, yule baba alitazama viganja vyake, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mzee, sisi hatuna kipingamizi chochote. Hatuna uwezo wa harusi."

Maneno hayo hayajanitoka moyoni hadi leo. Aliulizwa kuhusu ndoa, akajibu kuhusu harusi, na hakuna hata mmoja wetu sebuleni pale aliyeona kuwa amejibu swali jingine. Kiswahili kina maneno mawili kwa sababu ni mambo mawili: ndoa imetokana na kuoa, kitenzi chetu cha asili ya Kibantu, nayo ni kifungo kinachobaki, harusi ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, nalo ni jina la sherehe, ambayo huanza jioni na kwisha usiku. Mtu anaweza kuwa na ndoa ya miaka 50 iliyoanza bila harusi ya kutajika, na anaweza kuwa na harusi iliyosimamisha mji mzima huku ndoa yake ikavunjika kabla ya mwaka kwisha. Lakini katika masikio ya mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam maneno haya yamemezana, kiasi kwamba kumwambia kijana "funga ndoa" ni sawa na kumwambia "tafuta shilingi milioni 15, kisha urudi".

Ni vema tukumbuke kile ambacho Kanisa lenyewe linadai. Linadai kwamba hao wawili wawe huru, yaani pasiwepo kipingamizi; kwamba watoe ridhaa yao kwa hiari, bila kulazimishwa; na, kwa mujibu wa kanuni ya 1108 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kwamba ridhaa hiyo itolewe mbele ya askofu wa mahali au paroko, au padre au shemasi aliyepewa mamlaka hayo, pamoja na mashahidi wawili. Utaratibu huu una mizizi katika Mtaguso wa Trento, ambao katika hati yake ya tarehe 11 Novemba 1563 uliagiza matangazo matatu ya hadhara na uwepo wa padre na mashahidi, kwa sababu wakati ule kulikuwa na wanaume waliokuwa wakifunga ndoa kwa siri na kisha kuwakana wake zao. Sheria hii, kwa maneno mengine, ilitungwa ili kumlinda aliye dhaifu. Na katika mapokeo ya Kanisa la Kilatini, wahudumu wa sakramenti hii ni bwana arusi na bibi arusi wenyewe. Padre huipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa. Fundi wa kupaua na muuza vitumbua wanaweza kupeana sakramenti kubwa namna hiyo kwa midomo yao wenyewe, na hakuna kanuni yoyote inayowauliza kama wamelipia ukumbi.

Sisi ndio tunaowauliza. Ninasema sisi kwa sababu nilikuwa miongoni mwao, na daftari ninalo hadi leo.

Mwaka 2016 nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya kijana wa ukoo wetu. Daftari lenyewe ni kaunta buku ya kwaya mbili yenye jalada jeusi. Upande wa kushoto niliandika ahadi za wachangiaji, upande wa kulia fedha zilizokwisha kupokelewa, na kurasa za mwisho niliziacha kwa ajili ya matumizi. Bajeti ilikuwa shilingi milioni 22. Mapambo ya ukumbi yalichukua 3,500,000. Picha na video, pamoja na ile ndege ndogo ya kupigia picha kutoka angani, zilichukua 1,800,000. Mshereheshaji alilipwa 800,000. Keki, ndafu, vinywaji, magari ya msafara na matarumbeta vilijaza ukurasa mzima na nusu. Chini kabisa, katika mstari wa mwisho kabla ya jumla, kuna mwandiko wangu mwenyewe usemao: "Kanisani (kwaya, maua ya altare, sadaka) – 250,000." Na katika ukurasa unaofuata kuna sherehe ya kuvunja kamati, yaani jioni ambayo wanakamati hukutana kupongezana kwamba kazi imekwisha, hiyo peke yake iligharimu 600,000.

Tulifanya vikao 11, vyote katika baa, na viwili kati yake viliangukia ndani ya Kwaresima. Nimejitahidi kukumbuka kama kuna kikao hata kimoja ambacho mtu yeyote, nikiwamo mimi niliyekuwa Mkatoliki wa kila Dominika, aliuliza kama watoto wale wamemaliza mafundisho ya ndoa, kama wamekwenda kwenye kitubio, kama wana msimamizi wa kuwashauri baada ya siku ile. Sikumbuki. Ninachokumbuka ni majadiliano ya saa 2 kuhusu rangi ya vitambaa vya viti.

Siku ya ndoa, bibi arusi alifika kanisani akiwa amechelewa kwa dakika 50, kwa kuwa saluni walikuwa hawajamaliza. Nje kulikuwa na maarusi wengine wakisubiri zamu yao, hivyo padre alilazimika kufupisha mahubiri hadi yakawa maneno machache ya kutakia heri. Walipovishana pete, mpiga picha hakuwa amesimama mahali alipopataka. Akamgusa bwana arusi begani na kumwomba aitoe pete na kumvisha mwenzake tena, taratibu zaidi, akitazama upande wa mwanga. Naye akaitoa. Nilikuwa nimeketi benchi la pili, niliona kila kitu, na wakati ule sikuona tatizo lolote. Leo nikikumbuka ninaona jinsi ishara ya agano ambalo hufungwa mara moja tu ilivyogeuzwa kuwa jambo la kurudiarudia mpaka litoke vizuri, mbele ya tabernakulo, huku sisi watu wazima tukitabasamu. Bwana arusi aliendelea kulipa deni la ukumbi kwa miezi 8 baada ya hapo.

Kwa nini tumefika hapa? Wengi husema ni ushamba wa mitandao ya kijamii, kwamba watu wanataka kuonekana, na bila shaka hilo limo. Lakini naamini tatizo ni la ndani zaidi. Utamaduni wa siku hizi hauamini tena kwamba neno la mtu linaweza kumfunga maisha yake yote. Vijana wanaambiwa wajaribiane kwanza, waishi pamoja waone kama wataelewana, waache mlango wazi endapo mambo yatakwenda kombo. Na mtu aliyelelewa katika fikra hizo, akisimama altareni na kuahidi kuwa mwaminifu katika taabu na raha, katika magonjwa na afya, anatamka maneno ambayo wote waliomzunguka wanayachukulia kuwa ni maua ya lugha. Kiapo kikishapungua uzito, lazima kitafutwe kitu kingine cha kuthibitisha kwamba jambo kubwa limetokea, na kitu hicho ni ukumbi, msafara na wingi wa watu. Sherehe imebebeshwa mzigo ambao zamani ulibebwa na ahadi. Ndiyo maana kila mwaka haina budi kuwa kubwa kuliko ya mwaka uliopita.

Najua nitaambiwa kwamba Bwana wetu mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana, na kwamba muujiza wake wa kwanza ulikuwa kuwaongezea wageni divai, tena si kidogo, bali mitungi sita ya mawe iliyojazwa hadi juu. Ni kweli, na sipingi furaha. Mimi ni mtoto wa mlimani Kilimanjaro, ambako ndoa bila ndafu na mbege, pombe yetu ya ndizi, wazee wangeiona kama ndoa ya watu waliokimbizana. Hata michango yenyewe, kwa asili yake, ni jambo jema. Ni ujamaa wetu wa kale wa kutoacha nyumba moja ibebe peke yake kile ambacho ukoo mzima unakifurahia. Lakini tuisome Injili ya Yohane kwa makini. Pale Kana divai iliwaishia, na Mama Maria ndiye aliyeliona jambo hilo na kulipeleka kwa Mwanae kimyakimya, ili wenyeji wasiaibike. Sisi tumefanya kinyume. Tumeifanya aibu ya kukosa divai kuwa kubwa kiasi kwamba aliye nayo kidogo haanzi kabisa.

Wazazi wangu walifunga ndoa mwaka 1974, katika kigango, ndani ya Misa ya kawaida ya asubuhi. Mama alinisimulia mara nyingi kwamba viatu alivyovaa vilikuwa vya dada yake, na kwamba walirudi nyumbani kwa miguu kupitia migombani, majirani wakijiunga njiani mmoja mmoja wakiimba, hivi kwamba walipofika uani walikuwa umati. Palikuwa na mbuzi mmoja, mbege na ndizi. Picha iliyobaki ni moja, nyeusi na nyeupe, imekunjika pembeni, na ndani yake hakuna anayetabasamu. Walikaa pamoja miaka 41 hadi baba alipofariki, na katika miaka yake miwili ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kushika kijiko, mama alimlisha kila siku kwa mkono wake. Yale maneno kuhusu magonjwa na afya aliyatamka mara moja tu, mwaka 1974, bila mpiga picha wa kumwomba ayarudie.

Kanisa limewatangaza kuwa watakatifu wanandoa waliofanya vivyo hivyo. Louis Martin, fundi saa, na Zélie Guérin, aliyekuwa akitengeneza kitambaa cha lesi, walifunga ndoa yao katika mji wa Alençon nchini Ufaransa usiku wa manane, tarehe 13 Julai 1858. Usiku wa manane! Walizaa watoto tisa, wakazika wanne wakiwa wadogo, na mmoja kati ya mabinti watano waliobaki ndiye Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu wote wawili kwa pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Na Papa huyo huyo, ambaye baadhi yetu tunaoshikamana na mapokeo tulikuwa tukimsoma kwa tahadhari, aliandika jambo ambalo ningetamani lisomwe katika kila kikao cha kamati: katika Wosia wake wa Kitume wa mwaka 2016 kuhusu upendo ndani ya familia, namba 212, anasikitika kwamba maarusi hufika kwenye ndoa yao wakiwa wamechoka kwa maandalizi ya mavazi na karamu, anawasihi wawe na ujasiri wa kuwa tofauti, na katika namba 294 anatambua wazi kwamba katika baadhi ya nchi watu wengi huishi pamoja bila ndoa hasa kwa sababu kuadhimisha ndoa kunaonekana kuwa gharama kubwa mno. Nilipoisoma namba hiyo nilimwona fundi wetu na viganja vyake.

Wapo wanaojifariji kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo katika kifungu cha 160 inasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kujulikana na jamii kama mume na mke watachukuliwa kuwa wameoana, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Kifungu hicho kina manufaa yake, hasa kwa mwanamke anayetaka kudai haki yake. Lakini hakiwezi kutoa kile kisichokuwa nacho. Dhana ya mahakama si neema, na Mungu hawahesabii watu miaka hadi ifike miwili ndipo awaunganishe. Anangoja wafungue vinywa vyao.

Gharama halisi ya kungoja huko niliiona mwaka juzi, siku ya Komunyo ya kwanza ya binti mkubwa wa fundi huyu. Mama yake alikuwa ameamka saa 9 usiku kumsuka na kupiga pasi gauni jeupe. Wakati wa Komunyo wazazi walialikwa kuandamana na watoto wao, na familia moja baada ya nyingine ikasimama. Yeye alimrekebishia mwanawe taji la maua kichwani, akamsukuma taratibu kwa vidole viwili mgongoni, akabaki ameketi. Binti aligeuka mara mbili kumtazama. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliyekuwa jirani nao alimshika mtoto mkono na kwenda naye mbele. Tangu azae mtoto wa kwanza yule mama wa binti hakuwa amepokea Ekaristi; hawezi kuwa msimamizi wa mtoto wa mwenzake katika ubatizo wala kipaimara; na jumuiya ikichagua viongozi, jina lake hurukwa bila maelezo, ingawa ndiye anayejua sala zote kwa moyo. Haya yote anayavumilia kwa sababu ya viti vyenye vitambaa.

Wenzangu wengine wenye msimamo tofauti na wangu husema kwamba suluhisho ni Kanisa kulegeza masharti, na kumwacha kila mmoja aje mezani kama dhamiri yake inavyomtuma. Siwezi kukubaliana nao, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumwambia huyu mama kwamba kile alichokililia miaka yote hakikuwa na maana. Sharti la Kanisa halimlemei. Ni jepesi kuliko kadi moja ya mchango. Kinachomlemea ni sharti letu sisi, na hilo tuna uwezo wa kulifuta kesho asubuhi bila kuomba ruhusa ya Roma.

Kwa hiyo ile Jumamosi, mwenyekiti alipopata sauti, alimwambia fundi: "Baba, hakuna aliyekuuliza harusi." Ilichukua muda kueleweka. Mama wa watoto ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka sinia chini na kuuliza kama ni kweli kwamba mtu anaweza kufunga ndoa kwenye Misa ya asubuhi, siku ya kazi, bila shela. Tulimjibu kwamba ni kweli. Akauliza tena.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida, nami nayaandika ili anayesoma na aliye katika hali hiyo ajue njia ilivyo. Fundi alisafiri hadi Ifakara kuchukua cheti kipya cha ubatizo, kwa kuwa parokia ilihitaji kilichotolewa ndani ya miezi 6. Walihudhuria mafundisho kila Jumanne na Alhamisi jioni. Paroko alizungumza na kila mmoja peke yake, akajaza fomu, akawauliza maswali yale yale anayowauliza matajiri. Mahari ilikuwa imebaki sehemu, na wazee wa upande wa mama waliposikia kwamba ni ndoa ya kanisani walisema watangoja. Matangazo yalisomwa Dominika tatu, na Dominika ya kwanza, jina lake liliposomwa, yule mama aliinamisha kichwa kana kwamba ameitwa na mtu aliyekuwa nyuma yake. Jioni ya kuamkia siku yenyewe wote wawili walikwenda kwenye kitubio. Walikaa muda mrefu.

Ilikuwa Ijumaa, wiki ya 3 ya Pasaka, Misa ya saa 12 asubuhi. Alivaa gauni la kitenge la buluu alilokuwa nalo tayari. Pete zilikuwa mbili za fedha, zimewekwa kwenye kisahani cha chai kilichoshikwa na mtoto wao mdogo, ambaye aliangaliwa na kanisa zima asije akakidondosha. Mashahidi walikuwa mwenyekiti na mke wake. Watu wa Misa ya asubuhi, wale wazee na manesi wa zamu na wanafunzi wenye mabegi, hawakujua kwamba kuna ndoa hadi padre alipowaita mbele, na waliposikia sauti ya fundi ikikatika katikati ya ahadi, kanisa lilinyamaza kiasi kwamba tulisikia feni. Hakuna aliyemwomba arudie. Alipumua, akamalizia mwenyewe.

Wakati wa Komunyo walipokea wote wawili, na binti mkubwa akiwafuata nyuma.

Baada ya Misa tulikwenda kunywa chai kwa mwenyekiti. Jirani mmoja alikuwa amekaanga vitumbua tangu saa 10 usiku, kwa sababu alisema bibi arusi asinuke mafuta siku yake ya ndoa. Tuliimba nyimbo mbili za Bikira Maria, mzee mmoja akawapa nasaha fupi, na ilipofika saa 2:30 fundi akaingia chumbani kubadili nguo, kwa kuwa kulikuwa na nyumba Kimara iliyokuwa ikisubiri mabati kabla mvua hazijarudi. Alitoka na suruali yake ya kazi, pete ikiwa bado kidoleni, na mke wake akamfungia vitumbua sita kwenye gazeti.